Dirisha la duka linalopiga muziki: wapita njia kimya, linamlilia muuzaji wangu tu

Mwenye_Duka:
Habari zenu wakuu. Nauza viatu. Mbele ya dirisha langu watu wanapita wengi, ila ni kama hawalioni. Nikapata wazo: nipange viatu vitano dirishani, kila kimoja na noti yake, mtu akikisogelea kilie. Nikanunua sensa za mwendo kama zile za taa zinazojiwasha, bodi ya Arduino (kikompyuta kidogo cha kuendesha sensa) na spika mbili. Nikakesha naunga waya.

Matokeo: nje kimya. Hata ukicheza ngoma mbele ya kioo, hakuna kitu. Lakini dada wa kaunta akipita ndani na ufagio, viatu vyote vinalia kwa pamoja. Juzi kaniambia nichague, yeye au viatu. Nimekosea wapi? Naombeni ushauri, kunicheka baadaye.

Fundi_Waya:
Pole mkuu, ila kucheka nimeshacheka. Sensa hizo zinasoma joto la mwili, ile mionzi ya infraredi yenye mawimbi ya kama maikromita 10. Kioo cha dirisha hakiipitishi. Kwa sensa yako, nje ya kioo hakuna mtu. Aliyepo duniani ni dada wa ufagio peke yake. Wala usikimbilie za ultrasoniki, sauti yake itagonga kioo na kurudi.

Tumia sensa ya mguso. Unabandika vipande vya utepe wa shaba upande wa ndani wa kioo, mtu anagusa nje, na mkono wake unasomeka kupitia kioo. Chipu ya kusoma mguso, MPR121, ina njia 12, yaani sehemu 12 za kugusa, wewe unahitaji 5. Vipande viwe vipana kama kiganja, vidogo vitakusumbua kioo kikiwa kinene. Kama ni kioo cha tabaka mbili chenye hewa katikati, niambie mapema, maana hapo mguso haufiki na tutahamia kwenye kamera.

Mwenye_Duka:
Ni tabaka moja. Ila kwa ndani nimebandika ile karatasi ya kuzuia jua, inayong'aa kama chuma.

Fundi_Waya:
Kama ina chuma kweli, ing'oe. Inaziba mguso. Na mkuu, mchana ukiwa nje unaviona viatu kweli, au unajiona mwenyewe?

Mpita_Njia:
Hapo kwenye kujiona Fundi kamaliza. Mimi madirisha ya hivyo natengenezea kola tu, bidhaa sijui hata zikoje.

Halafu kuna aibu. Kioo cha duka la mtu siwezi kukigusa hivi hivi, nitaonekana kibaka. Bandika mchoro wa kiganja kila panapoguswa, taa iwake hapo mtu anapokaribia. Zile ngazi za piano za kituo cha treni cha Odenplan kule Stockholm, mwaka 2009, zilizokuwa zinalia noti ukizikanyaga, watangazaji wake Volkswagen walisema waliopanda ngazi badala ya eskaleta waliongezeka kwa asilimia 66. Lakini pale mguu ulikuwa unapita tu, hakuna aliyeombwa kusimama wala kunyoosha mkono. Wewe unaomba vyote viwili.

Kinanda_Kibovu:
Hamjauliza noti! Weka do, re, mi, so, la, basi. Fa na si ziache. Hizo tano watoto watatu wakizigonga ovyo kwa pamoja bado zinapatana, na huyo dada atakuvumilia wiki mbili zaidi.

Jambo kubwa kuliko noti ni kuchelewa. Mkono ukigusa, sauti itoke ndani ya milisekunde 30 hivi. Ikichelewa robo sekunde mtu haamini kwamba ni yeye aliyepiga, anaondoka. Faili za mp3 huwa na kimya kidogo mwanzoni, tumia faili za wav, zile za sauti isiyobanwa, na ukate mwanzo wake. Hii imenitesa mwezi mzima kwenye kazi yangu, nilikuwa nalaumu waya bure.

Fundi_Waya:
Na spika zitoe ndani. Kuna spika za kubandika zisizo na koni, zinatetemesha kioo chenyewe, dirisha lote linakuwa spika. Besi hazina, ila sauti za kengele zinatoka safi. Angalizo: mvua ikilowesha kioo, chipu itadhani kioo kimeguswa. Siku hiyo zima.

Mwenye_Duka:
Mrejesho wakuu. Karatasi nimeing'oa, na kabla sijaunga hata waya mmoja mama mmoja kaingia kuulizia kiatu cha dirishani. Kimekaa pale miezi minne.

Shaba nimebandika, viganja nimechora, noti ni zile tano. Watoto wa shule wanapenda, wakubwa wanagusa wakidhani hakuna anayewaona. Dada wa kaunta kabaki, ila kaomba so ipunguzwe sauti. Sasa Fundi, kiatu cha tatu kinalia chenyewe kila jioni taa za ndani zikiwashwa. Hiyo nayo ni nini?

Fundi_Waya:
Waya wake umepita karibu na waya wa umeme wa taa. Usogeze, kisha uzime na kuwasha bodi ijipime upya.