Mradi mkubwa wa viwanja juu ya makaburi ya kale Kigamboni: tuanzie wapi kabla mitambo haijafika?

Mwana wa Mbuyuni

Wakuu, naomba wanaojua ardhi, mambo ya kale na mazingira mnisaidie.

Eneo ni pwani ya Kigamboni, kusini ya Mbwamaji. Unakuja mradi wa viwanja vingi, barabara za lami na hoteli ufukweni, juu ya mashamba ya minazi na mikorosho. Ndani ya mashamba hayo kuna makaburi ya mawe ya matumbawe, mawili yana nguzo. Moja bado lina vishimo vya mviringo kwenye chokaa, mahali zilipopachikwa bakuli za kaure. Kuna pia ukuta wa msikiti uliobaki upande wa kibla tu, na kisima cha zamani kilichojengewa mawe. Wapimaji wamepita mara moja, bikoni za mipaka bado hazijawekwa. Tumeambiwa mkutano wa mtaa utaitishwa.

Nauliza mambo matatu. Tumwandikie nani kwanza? Makaburi yanaingiaje kwenye fidia? Na visima vya maji baridi tutavilindaje, maana hoteli ikichimba vyake tunahofia vyetu vitaingia chumvi?

Mshika Bikoni

Kabla ya barua yoyote, pimeni wenyewe. Mchoro wa mipango miji huchorwa mezani. Kitu ambacho hakina nukta kwenye ramani, kwa mchoraji hakipo, na atapitisha barabara juu yake bila nia mbaya yoyote.

Kila kaburi lipeni namba: M1, M2, M3. Simu ya kawaida inakosea mita 3 hadi 5, na chini ya mbuyu inakosea zaidi, kwa hiyo someni nukta siku mbili tofauti. Halafu pimeni kwa futi kamba kutoka kila kaburi hadi vitu vitatu visivyohama: shina la mbuyu, kona ya msikiti, mdomo wa kisima. Vipimo vitatu vinatosha kulirudisha kaburi mahali pake hata simu zote zikipotea. Andikeni urefu, upana na kimo cha nguzo. Pigeni picha pande nne, kukiwa na fimbo ya mita 1 iliyopakwa rangi kila sentimita 20 ili ukubwa uonekane.

Sasa kosa linaloumiza watu wengi. Simu yako inasoma nukta kwa mfumo wa vipimo vya ramani uitwao WGS84. Ramani nyingi za zamani za nchi hii ziko kwenye mfumo mwingine, Arc 1960. Nukta ile ile ikisomwa kwa mifumo hiyo miwili inatofautiana takriban mita 300, hasa kwa upande wa kaskazini na kusini. Mtaa unapeleka orodha ya makaburi, ofisini wanayaweka kwenye ramani bila kubadilisha mfumo, yanaangukia nje ya mradi, na jibu linarudi kwamba "eneo la mradi halina makaburi". Hakuna aliyedanganya hapo, lakini greda litapita. Kwa hiyo juu ya orodha andikeni wazi: "WGS84, UTM kanda ya 37 Kusini" (UTM ni gridi ya ramani inayohesabu kwa mita, na kanda hiyo ndiyo yetu). Na muulizeni mpimaji wa mradi mchoro wake uko mfumo gani. Siku hizi wengine wanatumia TAREF11, ambao unakaribiana sana na WGS84.

Nukta hizo msizitupe mtandaoni. Wanaobandua kaure na kufukua makaburi nao wanasoma.

Bi Mkunguni

Naongezea upande wa sheria, kwa sababu hapa pana sheria mbili za makaburi na watu huzichanganya.

Ya kwanza ni Sheria ya Kuhamisha Makaburi ya 1969. Hiyo ni ya ardhi inayotakiwa kwa matumizi ya umma ikiwa na makaburi ndani. Inalipa gharama za kufukua, kusafirisha na kuzika upya, pamoja na za ibada au tambiko linaloambatana na kazi hiyo. Hailipi thamani ya kaburi. Inafaa kwa makaburi ya babu na bibi zetu ambao ndugu zao wapo.

Ya pili ni Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964. Hii inagusa kitu chochote kilichojengwa na binadamu kabla ya 1863, na imetaja hata maziko na majaa ya kale. Kwa hiyo hata tuta la vigae na kombe mtakalolikuta nyuma ya msikiti, ambalo mtu wa mradi ataliita takataka, nalo linaingia. Kaburi la nguzo lenye kaure ni la sheria hii. Halina mrithi wa kujaza fomu, na likiachwa kwenye orodha ya makaburi ya kuhamishwa litaondolewa kwa bei ya jeneza na posho ya vibarua.

Tengenezeni orodha mbili tangu mwanzo: makaburi ya familia na makaburi ya kale. Orodha ya kale iende kwa mkuu wa mambo ya kale, Wizara ya Maliasili na Utalii, nakala kwa mkurugenzi wa manispaa na afisa utamaduni. Msiombe "kusaidiwa". Andikeni kwamba mnatoa taarifa ya kuwepo kwa mabaki ya kale, kwa sababu sheria yenyewe inamtaka anayeyagundua atoe taarifa. Ombeni vitu viwili tu: mtaalamu aje akague kabla ya bikoni, na eneo litengwe kwenye mchoro kama kiwanja kimoja chenye namba yake na matumizi yake. Hili la namba nalisisitiza. Eneo lililoandikwa tu "wazi" humegwa kidogo kidogo, mwaka huu kibanda, mwaka kesho gereji. Nendeni Kunduchi mkatazame yale makaburi ya nguzo yenye kaure ya Kichina, muone jiji lilivyoyakaribia, halafu mpime mpaka wenu kwa ukarimu.

Mwana wa Mbuyuni

Shukrani sana. Vijana wamejitolea kufyeka, kung'oa mizizi ukutani na kuziba nyufa kwa saruji ili wakaguzi wakute pasafi. Waendelee?

Bi Mkunguni

Hapana, wasimamishe. Kufyeka majani kwa panga, juu kwa juu, sawa. Kuchoma moto hapana, joto linapasua matumbawe. Mzizi ulioingia ukutani ukatwe usawa wa ukuta na uachwe ukauke. Ukiuvuta unatoka na jiwe. Na saruji ni sumu kwa kuta hizi. Matumbawe na chokaa hupumua: unyevunyevu wenye chumvi huingia na kutoka kupitia kwenye chokaa. Ukiziba kwa saruji, chumvi inagandia nyuma yake na jiwe linamomonyoka kama sukari, huku saruji ikibaki imesimama peke yake. Fundi akija baadaye atatumia chokaa iliyolowekwa na kukaa muda mrefu, fungu 1 kwa mafungu 3 ya mchanga uliooshwa maji baridi. Kwa sasa msizibe chochote.

Karani wa Ardhi

Kwenye fidia, kwanza jueni ardhi inachukuliwa kwa njia ipi, maana haki zinatofautiana. Serikali ikitwaa kwa manufaa ya umma, kuna uthamini na fidia ya kisheria. Kampuni ikinunua shamba moja moja, hayo ni mauziano, na bei ni ile mliyosaini. Ikiwa ni upimaji shirikishi, kampuni inachukua sehemu ya viwanja kama malipo ya kazi yake, kwa hiyo soma mkataba inachukua vingapi na ni vipi. Mara nyingi vya mbele ya bahari ndivyo vinavyoondoka.

Kama ni utwaaji, Sheria ya Ardhi ya 1999 inataka fidia kamili, ya haki na ya haraka. Hesabu ina thamani ya soko ya ardhi, majengo na mazao, kisha posho. Usumbufu: thamani mara wastani wa riba ya amana za miezi 12 benki. Thamani ikiwa shilingi milioni 30 na riba asilimia 7, posho ni milioni 2.1. Makazi: kodi ya mwezi mara 36, kwa hiyo nyumba ya kodi ya 150,000 inapata milioni 5.4. Usafiri: gharama ya kubeba tani 12 ndani ya kilomita 20. Shamba tupu lisilo na mkazi halipati makazi wala usafiri, ndiyo maana mwenye kibanda anachokaa ahakikishe kimeandikwa.

Kwa Sheria ya Uthamini ya 2016, malipo yafanyike ndani ya miezi 6 tangu Mthamini Mkuu aidhinishe. Yakichelewa, riba inaanza kuhesabiwa. Ikipita miaka 2, uthamini umekufa na unafanywa upya.

Yanayokwamisha malipo ni madogo madogo. Jina kwenye fomu ni "Mwajuma", kwenye kitambulisho cha taifa ni "Mwanajuma", benki inakataa. Shamba liko kwa jina la marehemu na mirathi haijafunguliwa, fungueni sasa. Na msisaini fomu ambayo safu ya idadi ya minazi iko wazi.

Mchota Maji

Visima. Pwani yetu maji baridi yanaelea juu ya maji ya chumvi ardhini. Kila mita 1 ya maji baridi iliyo juu ya usawa wa bahari inabebwa na takriban mita 40 chini yake. Pampu ikishusha kimo kwa nusu mita tu na kukaa hapo, mpaka wa chumvi unaweza kupanda mita 20 kadiri muda unavyokwenda. Kisima kikishaingia chumvi, hakirudi upesi.

Anzeni daftari leo. Kila wiki, alfajiri kabla ya watu kuchota, pimeni kina kwa kamba yenye uzito, kutoka alama moja kwenye mdomo wa kisima. Andikeni kama ni bamvua (maji makubwa) au maji mafu (maji madogo), la sivyo mtalaumu pampu kwa kazi ya bahari. Nunueni kipimo kidogo cha mkono cha upitishaji umeme wa maji; chumvi ikiongezeka, namba inapanda. Kisima kizuri huwa chini ya mikrosimensi 1,000 kwa sentimita. Bahari ni kama 50,000. Mkiwa na masika moja na kiangazi kimoja kwenye daftari kabla ya mradi, mna ushahidi.

Kwenye tathmini ya athari kwa mazingira ulizeni: visima vingapi, kina gani, lita ngapi kwa siku, majitaka yanakwenda wapi. Mwamba wa matumbawe una nyufa. Maji ya karo hupita humo bila kuchujwa. Ulizeni pia kifusi kitachimbwa wapi, kwa sababu mashimo ya kifusi mara nyingi huwa nje ya mpaka wa mradi na hakuna anayeyakagua. Barabara itainuliwa kiasi gani? Ikiinuliwa bila makalvati ya kupitisha maji, masika ya kwanza tu makaburi yanageuka bwawa. Na ufukweni, Sheria ya Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60.

Ripoti huwa nene na ya Kiingereza, lakini kanuni zinataka iambatane na muhtasari wa Kiswahili. Uombeni kwa maandishi NEMC, baraza la taifa la mazingira. Kwa Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016, ofisi ya umma ina hadi siku 30 kumjibu raia.

Mwana wa Mbuyuni

Jumamosi tunaanza kupima. La mwisho: mthamini akija kabla barua hazijajibiwa, tumkatalie?

Karani wa Ardhi

Msimkatalie. Asiyehesabiwa hukosa kwenye jedwali na utwaaji unaendelea. Shamba lako lihesabiwe, na kabla ya kusaini andika kwa mkono chini ya fomu: "Makaburi ya kale M1 hadi M9 na msikiti hayamo katika fidia hii, rejea barua ya tarehe fulani." Piga picha fomu nzima, saini ya mthamini ionekane. Barua zote ziwe na muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yenu. Mkifika mahakamani dhidi ya serikali mtatakiwa notisi ya siku 90, na wakili anaweza kuomba zuio la muda wakati siku hizo zinahesabika. Kitu cha kwanza atakachowaomba ni nakala hizo zenye muhuri.