Tupeane uzoefu: kuendesha baiskeli mjini katikati ya maelfu ya watu

#1
Wadau wa baiskeli, salaam. Naomba uzi huu uwe wa waliowahi kushiriki misafara mikubwa ya mijini, ile ambayo magari yanazuiwa na barabara kuu inabaki ya pedali peke yake. Mashindano tuyaweke kando. Nataka tuzungumzie siku ambazo anayefika wa mwisho anapigiwa makofi kama wa kwanza.

Naanza mimi. Nimeendesha peke yangu kwa miaka mingi, na nawaambia wazi kwamba msafara ni kazi nyingine kabisa. Umbali mwili unauzoea. Kazi iko kwenye kuzungukwa: gurudumu la aliye mbele liko karibu yako, kushoto mtoto, kulia mzee mwenye baiskeli ya gia moja, na nyuma unasikia minyororo ya watu usiowaona. Wa mbele akigusa breki kidogo, wa pili atazigusa zaidi, wa tatu zaidi ya huyo, na ukifika kwa mtu wa thelathini kundi zima limesimama na hakuna anayejua kisa. Kwa hiyo nikiwa ndani ya msafara macho yangu hayakai kwenye tairi lililo mbele yangu. Naangalia migongo ya watu watatu au wanne mbele zaidi. Wakianza kukusanyika, mimi naacha kukanyaga pedali mapema na breki nakuwa sizihitaji sana.

Halafu kuna daraja. Daraja refu ambalo siku zote unalipita ndani ya gari, dakika mbili umeshalivuka. Siku ile unalipanda kwa miguu yako, unagundua kumbe ni mlima, na ukifika katikati unasikia upepo na maelfu ya minyororo ikizunguka. Injini hata moja haisikiki. Nilishikwa na machozi pale. Sijui wenzangu mliguswa wapi.

#2
Mkuu, hapo kwenye breki umenena. Mimi niongeze la kusubiri, maana wageni wengi hawaambiwi. Watu wengi namna hiyo hawawezi kuondoka kwa pamoja, hivyo hugawanywa makundi na kila kundi lina saa yake. Ule wa New York, Five Boro, ulianza 1977 na watu wapatao 250. Siku hizi ni zaidi ya 30,000, umbali wa maili 40, yaani kama kilomita 64. Fikiria foleni yake. Kwenye misafara niliyoingia, sehemu iliyonichosha kuliko zote ilikuwa kusimama alfajiri, mwili umepoa, chupa ya maji inapungua kabla hata sijakanyaga pedali.

Basi vaa kitu cha juu unachoweza kukivua na kukikunja kikaingia mfuko wa nyuma. Nenda msalani kabla ya kuingia kwenye kundi lako, kwa sababu ukishabanwa katikati kutoka ni shida. Na soma masharti mapema: misafara mingine hairuhusu begi la mgongoni, na hilo si jambo la kulijua ukiwa umeshafika getini.

#3
Mimi nimeshiriki kwa upande wa pili, wa kujitolea kusimama njia panda na bendera. Naomba niwasemee wanaosimama pale.

Kazi yetu kubwa ni kona. Watu wanakuja kwa kasi ya mteremko, wametandaa barabara nzima, halafu njia inapinda na kuwa nyembamba. Anayejua kuendesha huwa ameshachagua upande wake mita nyingi kabla. Anayekata ghafla kutoka kushoto kwenda kulia ndiye anayewaangusha wengine, na mara nyingi yeye mwenyewe haanguki, anaendelea na safari bila kujua alichoacha nyuma. Hilo linaniuma sana. Nimewanyanyua watu wenye viwiko vilivyochubuka ambao hawakuwa na kosa lolote.

Jambo jingine ni simu. Mtu anaendesha kwa mkono mmoja, anapiga picha huku kundi liko mgongoni mwake. Jamani, kama mandhari yamekupendeza, inua mkono, sema kwa sauti “nasimama!”, sogea taratibu mpaka pembeni kabisa, shuka, piga picha zako utosheke. Barabara itakungoja.

Na mkipita mtusalimie. Tunasimama kuanzia kabla ya jua, na zile “asante” za wapita njia ndizo zinazotuweka wima hadi mwisho.

#4
Nimesoma nikafurahi. Uzoefu wangu ni wa baiskeli ya watu wawili. Naendesha mbele, na nyuma yangu huketi rafiki yangu asiyeona. Barabara za kawaida hatuziwezi kwa raha, maana baiskeli ile ni ndefu, inakata kona kwa upana, na kusimama na kuondoka kila taa ya barabarani kunatumaliza nguvu. Siku ya msafara ndiyo siku yetu.

Kazi yangu ni kusema kila kitu kabla hakijatokea: “kona kulia”, “tunapunguza”, “tuta”, “acha pedali”. Pedali zetu zimeungana, mmoja akiacha bila taarifa mwenzake anashtuka. Lakini yeye ana yake ya kunipa. Ananiambia tumeingia chini ya daraja kabla sijatamka, kwa jinsi sauti za watu zinavyobadilika. Ananiambia nyuma yetu kuna mtu ambaye mnyororo wake umekauka mafuta. Kuna sehemu watoto walikuwa wamejipanga ukingoni wakinyoosha mikono kupiga viganja na wapita njia; nikasogea karibu, nikamwambia anyooshe mkono. Alicheka mpaka baiskeli ikatikisika.

Kwa hiyo mkiona baiskeli ndefu, tupeni nafasi ya kona. Ni hilo tu tunaloomba.

#5
Uzi mzuri. Mimi nataka tusisahau misafara hii ilitokea wapi, kwa sababu naona wengi tunaichukua kama tamasha tu. Ule wa Cape Town, wa kilomita 109, ulianza 1978, na uliwashwa na watu waliokuwa wakidai njia za baiskeli. Bogotá, mji mkuu wa Kolombia, walianza kufunga barabara kwa magari 1974, na leo kila Jumapili na sikukuu, kuanzia saa moja asubuhi hadi saa nane mchana, zaidi ya kilomita 100 za barabara zinakuwa za baiskeli na waenda kwa miguu. Hakuna kujiandikisha, hakuna namba ya kifuani. Unatoka nyumbani, unaingia barabarani.

Mimi binafsi nauona mfano wa Bogotá ni bora kuliko siku moja kubwa kwa mwaka. Siku moja inakupa furaha, lakini Jumatatu magari yamerudi na wewe umerudi kubanwa ukingoni. Kila wiki ni jambo jingine: mtoto anakua akijua barabara ni yake pia.

#6
Nakubaliana na #5 nusu. Mama yangu asingethubutu kugusa baiskeli bila ile siku moja kubwa. Aliona watu wa rika lake wakipita, akaomba afundishwe.

Nina swali kwa wenye uzoefu. Nataka kwenda na binti yangu, anaendesha vizuri ila anaogopa watu wengi. Nimpeleke au nisubiri?

#7
Dada, mimi wa #1. Mpeleke, lakini chagua njia fupi kama ipo, na muanzie kundi la mwisho, ambako wenye haraka wameshaondoka na nafasi ni kubwa. Kabla ya siku yenyewe tafuteni uwanja, muendeshe bega kwa bega, azoee kuwa na mtu karibu, na azoee kuinua mkono mmoja bila kuyumba. Kagua naye breki, kaza magurudumu, jaza upepo. Chukua tyubu ya akiba inayolingana na tairi lake. Mafundi wa njiani mara nyingi wana saizi za watu wazima.

Barabarani yeye awe ukingoni, wewe umkinge upande wa ndani, nyuma kidogo umwone. Kubalianeni tangu nyumbani kwamba akisema tupumzike, mnapumzika, hata kama ni kilomita ya kwanza. Na angalia upepo wa siku hiyo. Mwaka 2017 huko Cape Town walilazimika kuusitisha msafara kwa sababu ya upepo, na wale ni watu wazima wenye mazoezi. Ukiona unavuma wa kusukuma baiskeli pembeni, yale madaraja msiyapande, geuzeni.

Ukirudi tuandikie hapa ilikuwaje, na yeye kama atapenda aandike mwenyewe.