Ubuntu, Linux, nginx: tusome kwa Kifaransa, kwa Kiingereza, ao vile vimeandikwa?

Fundi wa Kadutu
Bandugu, mnisaidie. Jana mteja kaleta kompyuta anataka Ubuntu, ule mfumo wa kuendesha kompyuta. Kaitamka kwa ile u ya Kifaransa, midomo imefinywa kama anapuliza chai ya moto. Mimi nikasema Ubuntu vile nyanya yangu angesema. Akaniangalia kama mtu asiyemaliza shule. Nina wanafunzi wawili: niwafundishe ipi? Kifaransa cha darasani, Kiingereza cha wanaorudi kutoka Kampala, ao tusome herufi tu?

Dada Nguba
Ubuntu haina mjadala. Neno ni la Kibantu, na Mark Shuttleworth aliyeanzisha mfumo huo mwaka 2004 ni wa Afrika Kusini. Vuka mto Ruzizi hapo uingie Rwanda, ukiambiwa umepewa kitu "ku buntu" ujue ni bure. Na mfumo wenyewe ni wa bure! Sisi ndio tufinye midomo?

Mzee wa Panzi
Linux, ile Ubuntu imejengwa juu yake, vilevile. Linus Torvalds aliyeianzisha alijirekodi mwenyewe akiitamka, miaka ya 1990, na anachosema kiko karibu na "linuksi" yetu kuliko "lainaksi". Wa Kampala wapunguze sauti.

Mwana Ibanda
Shikamoo Mzee, lakini herufi zilinitesa. Yaya, mkubwa wangu, alinipigia simu: weka "enjini-eks", programu ya kutoa kurasa za wavuti, kwenye seva. Nikaandika *enginex*. Mashine inajibu haipati paketi. Nikajaribu *engine-x*, hapana. Nikalaumu intaneti, nikanunua megabaiti zingine, kisha umeme ukaenda. Kesho yake ndipo naonyeshwa: n-g-i-n-x!

Mzee wa Panzi
Marahaba. Pole, mtoto. Yaya wako alitamka sawasawa. Igor Sysoev aliyeitengeneza ndiye alikula irabu zote mbili za mwanzo na mwisho.

Dada Nguba
Na msikitupe Kifaransa chote. GNOME, ile sura ya madirisha na menyu kwenye Linux, waliozoea Kiingereza wanameza g, lakini mradi ulizaliwa ndani ya GNU, mradi wa programu huru, na watu wa GNU wanataka g isikike. Mfaransa anaisikilizisha bila kuambiwa. (GNU ni nyumbu, kwa wale wanaojiuliza ile pembe kwenye nembo yake ni ya nini.)

Fundi wa Kadutu
Basi kwangu mwenye kitu ndiye anayetaja jina lake, na kwa simu tunataja herufi moja moja, hata kama salio linaisha. Yule mteja anarudi saa nane. Nimeshajizoeza: "Papa, Ubuntu yako iko tayari." Polepole.