Mzee kaitwa kupimwa masikio kwa "umeme" kwenye utafiti wa demensia (ugonjwa wa kumbukumbu na akili kufifia). Aende?

Binti_Mkubwa: Habari zenu wakuu. Baba ana miaka 74, naishi naye hapa Uingereza. Siku hizi anarudia maswali yaleyale, na TV anaifungulia mpaka jirani anagonga ukuta. Kuna chuo kikuu kimemwandikia barua, wanataka wazee kwa ajili ya utafiti: wanambandika nyaya kichwani, wanamsikilizisha milio. Mama mdogo yuko Tanga, kapiga simu analia tusimpige mzee shoti. Mnasemaje? Na hapo ndipo tutajua kama ana demensia?

Kijogoo: Mama mdogo asikilizwe 😂

Fundi_Masikio: Dada, hii ndiyo kazi yangu. Shoti hakuna. Mashine haimpelekei umeme, inanasa ule mdogo sana ambao ubongo wenyewe unautoa ukisikia mlio. Atasuguliwa paji la uso na nyuma ya masikio kwa dawa yenye chengachenga, kisha atabandikwa. Asipake mafuta siku hiyo, vibandiko vinateleza.

Kuna kipimo cha njia ya sauti toka sikioni hadi shina la ubongo, mawimbi yanatoka ndani ya milisekunde 10. Hicho tunawafanyia hata vichanga wamelala, hakihitaji mtu ajibu. Kile cha kubonyeza kitufe ukisikia "tii" kinamtaka mzee akumbuke maelekezo. Akisahau kubonyeza, anaandikiwa hasikii.

Halafu kuna cha milio miwili, mmoja unajirudia, mwingine unachomekwa mara mojamoja. Ubongo ukigundua ule adimu, wimbi linapanda baada ya kama milisekunde 300. Wenye Alzaima, ambayo ni aina ya demensia, kwa wastani wimbi lao linachelewa. Tatizo ni kwamba uzee nao unalichelewesha. Kwa hiyo kundi zima linaonyesha kitu, mtu mmojammoja huwezi kumhukumu. Usitegemee jibu la baba yako kutoka huko.

Binti_Mkubwa: Duh. Kwa hiyo aache?

Mswahili_Leicester: Aende akitaka, ila jibu lake litafutwe kwa daktari wenu. Aangaliwe nta masikioni, damu ipimwe vitamini B12 na tezi ya shingo, na dawa anazokunywa zipitiwe. Asiyesikia anaonekana kasahau kumbe hakupata neno tangu mwanzo. Akihitaji vifaa vya kusikia, NHS, huduma ya afya ya umma ya hapa Uingereza, wanatoa bure.

Kijogoo: Vifaa vinazuia demensia?

Fundi_Masikio: Usimwahidi mtu. Utafiti wa ACHIEVE, Marekani, wazee wa miaka 70 hadi 84, matokeo 2023: kwa jumla, ndani ya miaka 3, tofauti kati ya waliopewa vifaa na wasiopewa haikuonekana. Ila kwa kundi lililokuwa kwenye hatari zaidi ya kufifia akili, kasi ya akili kufifia ilipungua kwa 48%. Mimi ningemvalisha, hata kwa ajili ya huyo jirani tu.

Bi_Shufaa: Mbona mzee mwenyewe hajaulizwa? Barua ni ya kwake. Msomee taratibu, kaa mbele yake auone mdomo. Na akishakubali ana haki ya kujitoa siku yoyote, bila kueleza sababu.

Binti_Mkubwa: Asanteni. Nimemsomea sasa hivi. Kauliza kama kuna nauli.

Fundi_Masikio: Mara nyingi wanarudisha. Tunza risiti.