Tupeane uzoefu: mlioitwa Rafaeli, au mliompa mtoto jina hilo

Ndugu zangu, habari za jioni. Mwanangu alizaliwa njiti, miezi saba, nikambeba kifuani wiki tano hospitalini. Mama mkwe ndiye aliyesema aitwe Rafaeli. Baadaye padri akanieleza kuwa ni Kiebrania: rafa ni kuponya, El ni Mungu. Mungu ameponya. Na mimi nilikuwa namwita hivyo akiwa bado na mpira puani! Leo yuko darasa la tatu. Nanyi mlilipataje?

Wa Songea
Nilipewa na babu, katekista. Kila Septemba 29, sikukuu ya malaika wakuu, hunisimulia kitabu cha Tobiti, kilichomo katika Biblia yetu Wakatoliki: kijana Tobia anasafiri na mtu anayejiita Azaria, wanampata samaki mto Tigri, na nyongo yake inamfumbua macho baba mzee aliyekuwa kipofu. Ndipo Azaria anasema yeye ni malaika Rafaeli. Sasa babu mwenyewe ana mtoto wa jicho, anasubiri upasuaji. Mimi ndiye ninayemshika mkono kwenda kanisani.

Wa Moshi
Sisi Walutheri, Biblia yetu haina Tobiti, na shangazi alinibana sana jina nimelitoa wapi. Nikamfungulia 1 Mambo ya Nyakati 26:7, kwenye orodha ya mabawabu: yumo Refaeli, jina lilelile. Akanyamaza. Ila kilichonitoa machozi ni Hesabu 12:13, Musa akimwombea dada yake Miriamu mwenye ukoma. Kwa Kiebrania sala ile ni maneno matano tu, na mawili kati yake ni El na refa, yaani Mungu na ponya. Jina la mwanangu limo mdomoni mwa Musa!

Wa Mombasa
Sisi Waislamu twamjua Israfili, mpuliza baragumu siku ya kiyama. Mtoto wa jirani ni Rafaeli, bibi yangu humwita Rafiki. Nimemwambia rafiki ni Kiarabu, mzizi mbali kabisa. Hasikii, na mtoto akiitwa hivyo huja mbio.

Wa Mwanza
Wangu aliishi siku kumi na moja. Wakanishauri nisiliandike msalabani, eti jina lilisema uongo. Nililiandika.

Mwenye mada
Pole sana, dada yangu. Ulifanya vema kuliandika. Nitumie jina lake la ukoo, Septemba 29 namwekea nia ya misa pamoja na wangu.