Aliyejifungua arudi darasa lile lile, au aende QT?

Chaki_Mbili: Wakuu, shuleni kwetu karudi binti aliyeacha akiwa kidato cha kwanza kwa ujauzito. Waraka Na. 2 wa Wizara ya Elimu unampa miaka miwili ya kurudi, na kawahi. Ila kengele ya saa nne ikilia, wenzake wanatoka, yeye anabaki kakumbatia daftari kifuani kwa sababu maziwa yamelowesha sare. Tumwache hapo, au tumshauri elimu ya watu wazima, afanye QT, ule mtihani wa maarifa wa walio nje ya shule, halafu kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea?

Kobe wa Pwani: Waraka wa 2020 huo uliharibu kila kitu, akirudi anaambukiza wenzake. Hayati Magufuli alishasema pale Chalinze, akizaa basi. Na QT yenyewe ni ya walioshindikana.

mama_wawili: Ni Novemba 2021, babu. 2020 Magufuli alikuwa Ikulu, angeuruhusu? Zanzibar walianza kuwarudisha 2010, Kenya tangu 1994. Darasa gani huko limeambukizwa mimba?

Fundi Umeme: Ngoja kwanza. "Walioshindikana"? Mimi nimefanya QT. Mchana napanda nguzo, jioni dawati la shule ya msingi, magoti yanagusa kidevu. Kobe, weka cheti chako hapa tulinganishe.

Kobe wa Pwani: Sikukutaja wewe. Ila masomo mawili matatu kila mwaka, unarisiti mpaka unapata mvi, ni shule hiyo?

Fundi Umeme: Nilikaa mara mbili tu! Wewe shuleni ulipikiwa, ukapigiwa na kengele. Mimi nani alinipigia kengele?

Sina Jina: 😂😂 Kengele ya Kobe ilikuwa rimu ya gari.

mama_wawili: Na mbona aliyempa mimba hatajwi? Tangu 2016 sheria inasema miaka 30 jela kwa kumpa mwanafunzi mimba. Mwalimu, huyo jamaa yuko wapi?

Chaki_Mbili: Familia zilikaa, wakamalizana. Mengine siwezi kuandika hapa.

mama_wawili: "Wakamalizana." Kwa mbuzi wangapi? Halafu tunajadili binti akae dawati gani.

Kobe wa Pwani: Sasa mwalimu naye ukimlaumu, nani atabaki kufundisha? Nyie kina mama wa mitandaoni mnajua kulaumu tu.

mama_wawili: Mimi wa mitandaoni nimelea mjukuu ili mwanangu amalize kidato cha nne. Asubuhi mtoto mgongoni, natembeza vitumbua. Wewe umelea nini?

Sina Jina: Kobe kaingiza kichwa ndani.

Fundi Umeme: Heshima kwako, mama. Ila nirudi kwenye QT. Mtu asome peke yake usiku, mtoto analia, bila mwalimu wa hesabu? Mimi sikuwa na mtoto na bado hesabu ilinitoa jasho. Kama shule imemfungulia mlango, abaki. QT iwe ya aliyefungiwa.

Chaki_Mbili: Ahsante. Kwao si mbali, dakika kumi kwa mguu. Nafikiria kumwombea ruhusa kwa mkuu wa shule awe anakwenda kunyonyesha saa nne. Kuna mwalimu humu aliyewahi kupanga kitu kama hicho?

Kobe wa Pwani: Fundi, hujajibu. Hesabu ulipata ngapi?