PLAB 2: mazoezi ya wagonjwa wa kuigiza nikiwa Nairobi, nafanyaje?

Intani_Roysambu: Habari zenu madaktari. PLAB, ule mtihani wa madaktari waliosomea nje wanaotaka kufanya kazi Uingereza, ya kwanza nimepita, ile ya maswali 180, sasa nangoja ya pili kule Manchester, vyumba 16 na kila kimoja dakika nane na mgonjwa wa kuigiza. Kusoma nasoma, nikitoka zamu nakaa na notisi hadi saa saba usiku, lakini nikiweka taima narusha maswali mfululizo na kengele inalia kabla sijagusa matibabu. Niko peke yangu kwa bedsitter nafanya mazoezi mbele ya kioo. Masomo ya kulipia siwezi, tiketi ya ndege yenyewe bado. Nikariri tu ile mistari watu wanatumiana WhatsApp?

Dokta_Umoja: Usikariri daktari, tafadhali. Nilianza hivyo na nikapoteza miezi miwili. Kwa kila chumba wanapima vitu vitatu, jinsi unavyomuuliza na kumpima mgonjwa, jinsi unavyopanga matibabu, na jinsi unavyokaa naye kama mtu, na kila kimoja kina alama 4, kwa hivyo ukimaliza muda wote kwa maswali umeacha matibabu mezani.

Sisi tulikuwa watatu, kila Jumamosi Ngara kwa nyumba ya mmoja wetu. Mmoja daktari, mmoja mgonjwa, wa tatu anashika simu na kuandika, na kwangu huyo wa kuandika ndiye alikuwa anajifunza zaidi. Kesi tulibandika nje ya mlango unaisoma umesimama kwa koridoo dakika moja na nusu, unabisha, unaingia. Dakika ya tano ikifika hujaanza kumweleza mgonjwa utamfanyia nini, wa taima anagonga meza.

Halafu soma miongozo ya NICE, ile ya matibabu ya Uingereza. Mtu wa homa hapa kwetu unawaza malaria kabla hajaketi, huko lazima umuulize kwanza kama amesafiri. Na mgonjwa wa Uingereza akikwambia ana shida na "waterworks" anaongelea mkojo, hiyo ilinipotezea dakika nzima siku moja.

Mama_Kasarani: Mimi si daktari, ni mke wa daktari, nimekuwa mgonjwa wake kwa sofa jioni nyingi sana. Acha nikwambie vile inakuwa ukiwa upande huu. Kuna kesi nilipewa ya mwanamke kichwa kinamuuma na amefiwa na mamake wiki tatu zilizopita. Nikasema mama amefariki, mume wangu akasema pole sana, na pumzi hiyo hiyo akauliza kama navuta sigara. Nilijua ni kuigiza lakini nilifunga mdomo, sikumpa kitu kingine chochote, na yeye akabaki anashangaa mbona mgonjwa hajibu. Tulirudia. Mara ya pili alisema pole akanyamaza, akaweka kalamu chini, akaniangalia. Sekunde tano hazikufika na mimi mwenyewe nikaanza kumwambia silali, siku hizi nalia jikoni, na hayo ndiyo alikuwa anatafuta na maswali kumi. Kwa hivyo tafuta mtu asiye daktari akufanyie, jirani, dada yako, yeyote. Madaktari wenzako wanakusaidia bila kujua, wanajibu kile wanajua unataka.

Dokta_Umoja: Mama amesema kitu sikuwa nimefikiria. Na tuseme ukweli, wadi zetu zinatufundisha kuandika kwa faili huku mgonjwa anaongea, foleni imefika nje, hata uso wake huuoni. Hiyo tabia haiondoki siku ya mtihani kama hujaanza kuiacha sasa hivi kwa wagonjwa wako wa kweli.

Intani_Roysambu: Asanteni sana, nimesoma ya Mama Kasarani mara mbili. Leo kwa wadi nitajaribu kuweka kalamu chini. Dada yangu yuko Githurai atakuwa mgonjwa. Naomba mmoja wa taima, Jumapili saa nane mchana, chai na mandazi juu yangu.

Kijana_Zimmerman: Mimi pia nangoja ya pili. Nakuja, na saa ya kengele ninayo.